Duka la leso lililopoteza ukurasa wake wiki mbili kabla ya Idd

Mwenye duka amekubali nikiandike kisa hiki kwa masharti mawili: nisitaje jina lake wala mtaa wake, na nisiyafunike makosa yake. Tarakimu za mauzo nimezisogeza kidogo ili duka lisitambulike. Yeye nitamwita Dada, na mama yake Mama, kama ninavyowaita ninapopita dukani. Nimeandika kuhusu biashara za mtandaoni kwa miaka kadhaa, na sijaona kisa kingine kilichonifundisha wazi hivi ni nini hasa ambacho muuzaji anamiliki akishafungua ukurasa.

Usuli

Duka liko kisiwani Mombasa, si mbali na Biashara Street, ile barabara ambayo kila bibi harusi wa Pwani ana shangazi aliyewahi kuizunguka siku nzima akitafuta kisutu, ile leso ya harusi. Mama alilifungua zamani, kabla ya simu za kugusa. Dada aliingia alipomaliza chuo. Wanauza leso na madera, na vikoi wakati wa wageni. Majirani wanauza vitu hivyohivyo kwa bei zinazokaribiana mno, na jambo hilo litarudi mbele.

Kwa asiyeijua biashara hii: leso huuzwa kwa doti, vipande viwili ambavyo havijakatwa, na mnunuzi hukata na kupinda mwenyewe au akampa fundi. Ina pindo kandokando, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyochapishwa chini ya mji. Wateja wengi huanza na jina ndipo waje kwenye rangi. Mtu husimama mbele ya rafu akauliza, "Mna ile ya Hasidi hana sababu?" Akiikosa haendi na nyingine kwa kuwa tu inapendeza. Kuna mtu anayetaka aisome.

Vyombo vya kuuzia mtandaoni vilikuwepo muda mrefu. M-Pesa ilianza 2007. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009, hapahapa ufukweni kwetu. Kilichokuwa hakipo ni sababu ya kuhangaika navyo, na sababu ililetwa na korona. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020. Tarehe 8 Aprili safari za kuingia na kutoka kaunti ya Mombasa zikasimamishwa. Tarehe 6 Mei, Ramadhani ikiwa katikati, Mji wa Kale ukafungwa, haingii mtu wala hatoki. Msimu wa Idd ndio unaolibeba duka la leso kwa mwaka, na wateja wa Mama wengi ni wa Mji wa Kale. Siku hiyo Dada alitandika kisutu kwenye sakafu ya baraza, akakipiga picha kwa simu, akafungua ukurasa kwenye mtandao mmoja wa picha.

Safari zilipofunguliwa tarehe 7 Julai alianza kutuma mizigo kwa basi: Nairobi, Garissa, Malindi, Lamu. Kufikia mwanzo wa 2023 ukurasa ulikuwa na wafuasi kama 11,000, na zaidi ya nusu ya mauzo yalipitia humo.

Alifanya jambo moja ambalo majirani hawakulifanya, nami naliona ni akili ya biashara. Wenzake waliandika chini ya picha, "Mzigo mpya umefika, karibuni." Yeye aliandika jina la leso, neno kwa neno, kisha rangi ya mji na ya pindo. Mtu akitafuta "Usisafirie nyota ya mwenzio" anaikuta. Akiikuta, anamtumia yule anayemlenga. Leso imekuwa ikibeba ujumbe tangu zamani, na Dada aliuacha ujumbe ufanye kazi yake mahali papya.

Jambo la pili alilifanya kama kila mtu: hakuweka bei. "Bei njoo inboksi." Alikuwa akiwakimbia majirani, ambao wakiiona bei yake watashusha shilingi hamsini jioni hiyohiyo. Hivyo kila mteja aliingia inboksi, akapatana huko, akaacha jina, mji na namba ya simu huko. Miaka mitatu ya kumbukumbu za duka ikawa ndani ya inboksi, na si mahali pengine popote.

Kilichotokea

Wiki mbili kabla ya Idd ya 2023, usiku baada ya tarawehe, ujumbe uliingia ukiwa na nembo ya mtandao ule. Ulisema ukurasa umeripotiwa kwa kukiuka hakimiliki, utafutwa baada ya saa 24, na anayepinga ajaze fomu kwenye linki.

Watu wengi wanaosikia habari hii husema angejua tu kwamba ni ulaghai. Mimi naona ujumbe ule ulimgusa palepale penye hofu ya kweli. Michoro ya leso ina wenyewe. Mombasa kuna nyumba za leso za tangu enzi. Kaderdina Hajee Essak, wenye leso za Mali ya Abdulla, historia yao inarudi hadi 1887. Dada alikuwa na mamia ya picha za michoro ambayo hakuichora yeye, na siku nyingi alijiuliza kama wenyewe wangekuja kulalamika. Ujumbe ulipoingia aliona siku imefika. Akafungua linki, akakuta ukurasa unaofanana na ule wa kweli, akaandika neno lake la siri. Uthibitisho wa hatua mbili, ule unaodai namba ya ziada baada ya neno la siri, hakuwa ameuwasha.

Alipoamka kula daku hakuweza kuingia. Barua pepe ilikuwa imebadilishwa, namba ya simu imebadilishwa. Asubuhi lilipandishwa tangazo kwa jina la duka: ofa ya Idd, doti tatu kwa bei ya mbili, lipa kwa namba hii, mzigo unatoka leo. Kwa mara ya kwanza ukurasa ule ulionyesha bei, na wafuasi walishukuru kwenye maoni.

Dada hakumwambia mtu. Alijifungia na simu siku mbili, akijaza fomu za kurudishiwa akaunti, na kila fomu ilijibiwa na mashine. "Niliona haya," aliniambia baadaye. "Nikasema nitaurudisha kabla watu hawajajua."

Siku ya tatu mwanamke mmoja alivuka feri kutoka Likoni, akaingia dukani na mkoba mtupu mkononi. Mama ndiye aliyekuwa kwenye meza.

"Shikamoo Mama. Nimekuja kuchukua leso zangu tatu, nimelipa juzi."

"Marahaba, mwanangu. Umelipa kwa nani?"

Mwanamke akatoa simu akaonyesha. Hivyo ndivyo Mama alivyojua.

Walipohesabu baadaye, waliolipa walikuwa kumi na mmoja. Watatu walilipa asubuhi ile ya kwanza, wakati Dada mwenyewe hajaelewa kinachoendelea. Wanane walilipa ndani ya zile siku mbili za kimya.

Maamuzi na sababu zake

Dada alinipigia jioni hiyo. Alitaka kujua njia ya kuurudisha ukurasa. Nilimwambia alichopaswa kujaza amekijaza, la haraka sasa ni kuwaonya wateja. Je, ana namba za wangapi? Alinyamaza, akaenda kuhesabu, akarudi na jibu: wasiofika sitini. Alikuwa ameweka onyo kwenye stetasi ya WhatsApp, lakini stetasi huonekana na waliohifadhiana namba tu. Wafuasi 11,000, na aliweza kuwafikia sitini.

Mama alikuwa akisikiliza mazungumzo. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na risiti za ofisi za mizigo za mabasi, Mwembe Tayari, tangu Julai 2020. Kila mzigo uliotumwa ulikuwa na risiti, na kila risiti ilikuwa na jina la mpokeaji, namba yake ya simu na mji. Mama hatupi karatasi yenye maandishi ya pesa, ndivyo alivyozoea. Hakuna aliyemwambia aziweke.

Walikaa usiku mara tatu wakinakili kwenye daftari. Waliongezea meseji za M-Pesa za miezi ya mwanzo, wateja walipokuwa wakituma pesa moja kwa moja kwa laini ya Dada, kwa kuwa meseji hizo zilibeba jina na namba. Waliolipa kwa till, ile namba ya M-Pesa ya kulipia dukani, hawakusaidia sana. Namba zao hazikuonekana kamili. Walipoondoa majina yaliyojirudia zilibaki namba 412.

Hapo tukabishana. Dada alitaka kufungua kundi la WhatsApp na kuwaingiza wote usiku uleule. Nilimwomba asifanye hivyo. Ndani ya kundi kila mmoja huiona namba ya mwenzake; wateja wake karibu wote ni wanawake, na namba ya mwanamke ikishaingia mbele ya watu mia nne asiowajua, simu za usiku huanza. Pia kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayotaka ridhaa ya mtu kabla taarifa zake hazijatumiwa kibiashara. Waliandika namba zao ili mzigo uwafikie, si ili watangaziwe. Kuwaonya kuhusu wizi ni haki yao. Kuwauzia ni jambo jingine, na linaombwa.

Basi tuliandika ujumbe mmoja, ukatumwa kwa mtu mmojammoja, kwa mkono, kidogokidogo kwa siku nne:

"Salaam. Ni duka la leso Mombasa, ulinunua kwetu tukakutumia kwa basi. Ukurasa wetu umeibwa. Ukiona ofa ya doti tatu, usilipe. Ukipenda tukutumie picha za leso mpya kwa namba hii, jibu NDIYO. Usipojibu hatutakusumbua tena."

Waliojibu ndiyo walikuwa 230. Wengine waliandika pole tu, na hao hawakutumiwa chochote tena.

Uamuzi mgumu ulikuwa kuhusu wale kumi na mmoja. Mmoja alishtuka dakika chache baada ya kulipa, akapeleka meseji ya M-Pesa kwa 456 kuomba irudishwe, na ikarudi. Wengine wawili walijaribu baadaye, pesa ikawa imeshatolewa. Walibaki kumi. Mimi nilishauri duka lichangie nusu kwa wote, kwa hoja kwamba shilingi hata moja haikuingia dukani. Mama alikataa. Alisema wale wanane walilipa wakati sisi tunajua na tumenyamaza, hao wanatudai leso zao kamili. Wawili walioibiwa kabla hatujajua, tuwauzie kwa bei tuliyonunulia. Alikuwa ametenganisha mambo mawili ambayo mimi niliyachanganya, na hesabu yake ilikuwa ya haki kuliko yangu. Doti ishirini na nne zilitoka bure, wiki moja kabla ya Idd, wakati kila doti rafuni ilikuwa na mnunuzi.

Dada aliandikisha kisa polisi akapewa namba ya OB, yaani ya daftari la matukio. Hakijaendelea zaidi ya hapo.

Baada ya Idd alianza upya. Alifungua ukurasa mwingine wenye uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba za akiba za kuingilia akaziandika kwenye karatasi iliyoingia kwenye lile kopo. Akaanza kutumia WhatsApp Business yenye katalogi, picha na bei. Akanunua jina la tovuti linaloishia .co.ke na kutengenezewa duka dogo la mtandaoni. Kisha, kinyume na nilivyomshauri, akamlipa kijana mmoja mwenye wafuasi wengi shilingi 15,000 amtangaze kwenye video mbili.

Matokeo

Idd ile ya 2023 mauzo yalishuka hadi theluthi ya mwaka uliotangulia. Kufikia Idd ya Aprili 2024 yalikuwa yamerudi karibu na yale ya 2022, ukurasa mpya ukiwa na wafuasi 2,300 tu. Orodha ya namba zenye ridhaa ilikuwa imefika 640. Picha za leso mpya zikitumwa asubuhi kwa watu wa orodha hiyo, maagizo huanza kabla ya adhuhuri.

Zile video mbili zilileta wafuasi kama 900 ndani ya wiki, wengi wao vijana wa Nairobi waliokuja kwa ajili ya vichekesho vya kijana yule. Maagizo yalikuwa mawili.

Tovuti ilinishangaza. Kama duka, imeshindwa: kwa mwezi mzima watu wanne au watano ndio wanaobonyeza kununua mpaka mwisho. Mnunuzi wa leso anataka kuuliza, "Hii bado ipo? Nyekundu yake imekoza au imepauka?" na anataka kupunguziwa kidogo, hata shilingi ishirini, ajisikie amepatana. Lakini Dada alipandisha kila leso kwa jina lake, ukurasa mmoja kwa jina moja, hata zilizoisha. Watu wanaotafuta maneno ya leso, pengine waliyoyasikia kwa bibi zao, hutua hapo, kisha hubonyeza kitufe cha WhatsApp na kuanza kuongea. Tovuti haiuzi, inaleta watu mlangoni.

Uchambuzi

Mombasa tuna aina ya umiliki ambayo wageni huishangaa. Katika mtaa wa Majengo, na sehemu nyingi za Kisauni, mtu hujenga nyumba yake juu ya ardhi ya mtu mwingine na kulipa kodi ya ardhi. Kuta ni zake, paa ni lake, anaweza kuipangisha na kuirithisha. Ardhi si yake. Anayeishi hivyo analijua hilo kila siku. Hachimbi kisima kirefu, na karatasi zake anaziweka karibu. Dada alijenga ukurasa mzuri kwa miaka mitatu juu ya ardhi ya mtu, na akachimba kisima humo. Zikizama humo kumbukumbu zote za wateja, hakuna wa kumrudishia.

Sisemi asingejenga. Asingejenga angefunga duka mwaka 2020. Ninachosema ni kwamba kila anayenunua kupitia ukurasa angepaswa kutoka pale na kuingia kwenye daftari siku hiyohiyo, kwa ridhaa yake: jina, namba, mji, jina la leso aliyonunua. Ni kazi ya dakika moja. Mama aliifanya bila kukusudia, kwa kutunza risiti, na kazi yake ndiyo iliyobaki.

Watu huniuliza ni linki au ni kukosa hatua mbili kulikoliangusha duka. Hatua mbili huenda zingeuzuia wizi ule, na kuziwasha huchukua muda mfupi. Anayesoma haya akiwa na ukurasa wa biashara aziwashe kabla hajalala. Hata hivyo ukurasa unaweza kupotea kwa njia nyingine nyingi, na pigo lingekuwa lilelile. Ninavyoona mimi, kosa lenye mizizi mirefu ni ile "bei njoo inboksi". Ilianza kama ujanja wa kuwaficha majirani bei, ikaishia kuwa ghala pekee la biashara, na funguo za ghala hazikuwa mikononi mwa mwenye duka. Sasa bei ziko wazi kwenye katalogi. Jirani mmoja kweli alishusha shilingi hamsini, na wateja kadhaa wakaenda kwake. Dada anasema hasara hiyo anaiona na anaweza kuihesabu.

Kuna jambo dogo ambalo sikuliona mpaka nilipozungumza na mmoja wa walioibiwa. M-Pesa humwonyesha mtu jina la anayemlipa kabla hajathibitisha. Wateja wale waliona jina la mtu wasiyemjua, na bado wakaendelea. Nilimuuliza kwa nini. "Kwani hata till yenu ya siku zote jina lake si la duka," alinijibu. Alisema kweli. Till ilisajiliwa kwa jina la kitambulisho la Mama, ambalo hakuna mteja anayelijua. Miaka mitatu duka liliwazoesha wateja kulipuuza jina lile, na mwizi akavuna mazoea hayo. Till imebadilishwa, sasa inasoma jina la duka kama lilivyo juu ya mlango, na kila ujumbe wa malipo huandikwa, "Usipoona jina hili, usilipe."

Kuhusu zile siku mbili za kimya nimefikiri sana. Haya ni tabia njema kwetu, mtu asiyekuwa nayo hatumwamini. Hapa ilimgharimu wateja wanane pesa zao. Mwanamke wa Likoni, niliyedhani angekuwa wa kwanza kuondoka, ndiye aliyeleta dada zake wawili Idd iliyofuata, na alimwambia Mama kwamba alipopewa leso zake tatu aliona hana sababu ya kwenda kwingine. Doti ishirini na nne hazikurudisha wateja wote kumi. Saba bado wananunua. Wangerudi wangapi kama onyo lingetoka asubuhi ile ya kwanza, hata kwa karatasi mlangoni?

Kinachonitia wasiwasi bado ni kwamba WhatsApp nayo ni ardhi ya mtu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa karibu saa sita, na kampuni inayozimiliki ni moja. Tofauti ni kwamba namba ya simu haimo ndani ya WhatsApp. Ikizimika, unaweza kutuma meseji ya kawaida, unaweza kupiga. Kila mwisho wa wiki Dada huzinakili namba mpya kwenye daftari, na nakala ya pili hukaa nyumbani.

Ukurasa wa zamani bado upo. Siku hizi unatangaza saa za mkononi na mikopo ya haraka, na jina limebadilishwa mara mbili. Picha za leso zimefutwa karibu zote. Ukishuka mpaka chini kabisa utaikuta ile ya kwanza, kisutu kwenye sakafu ya baraza, Mei 2020, na pembeni kidole cha mguu cha Mama kimeingia kwenye fremu.